RAM Ipo, Lakini Je, Inafanya Kazi?



Siku hizi ni nadra kuingia katika ofisi ya parokia usikute kompyuta. Mara nyingi si mpya. Imetolewa na mfadhili, au imenunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, au imeachwa na padre aliyehamishwa. Humo katibu anachapa matangazo ya Jumapili, orodha za jumuiya ndogo ndogo, michango ya ujenzi, na majina ya waliobatizwa, waliopata kipaimara na waliofunga ndoa. Ikianza kuwa nzito, ushauri unaotolewa karibu kila mahali ni mmoja: iongezeeni RAM. Basi watu wanachanga, fundi anaitwa, anafungua, anafunga, anasema tayari, analipwa na kwenda zake. Nani anahakiki kwamba kilicholipiwa kimo ndani? Nani anahakiki kwamba kompyuta inakiona na kukitumia chote? Na nani anahakiki kwamba kinatunza kwa uaminifu kile kinachokabidhiwa?

Hayo ni maswali matatu, na jibu la moja si jibu la mengine. Wengi wetu huishia kwenye la kwanza. Wachache hufika la pili. La tatu karibu hakuna anayeliuliza, na ndilo lililonifanya niandike makala hii, kwa sababu RAM inayodanganya haimuumizi fundi wala kompyuta. Inamuumiza binti anayekuja miaka 20 baadaye kuomba cheti cha ubatizo ili afunge ndoa, akakuta jina lililoandikwa si lake.

RAM ni nini hasa

Mwanafunzi aliye maktaba ana kabati la vitabu na ana meza ya kusomea. Kabati linatunza vitabu vyote hata usiku maktaba ikifungwa. Mezani panakaa vile tu anavyovisoma sasa hivi, na muda wa kufunga ukifika meza inasafishwa. Diski ya kompyuta ndiyo kabati, na RAM ndiyo meza. Kila unachokifungua, iwe barua, picha au orodha ya wakristo, kinatolewa kwenye diski na kuwekwa kwenye RAM, na kila herufi unayochapa inakaa kwanza humo kabla ya kuhifadhiwa. Ndiyo maana umeme ukikatika ghafla, kile ambacho hukukihifadhi kinapotea: meza imesafishwa kabla kitabu hakijarudi kabatini.

Kuna jambo ambalo mfano wa meza haulionyeshi. Kitabu ukikiweka mezani kinatulia. Ndani ya RAM hakuna kinachotulia. Kila biti, yaani kila sifuri au moja, ni chaji ndogo sana ya umeme iliyowekwa ndani ya kapasita, na chaji hiyo inavuja mfululizo kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Kwa hiyo kompyuta inalazimika kuzipitia kapasita zote, kuzisoma na kuzijaza upya, kwa kawaida ndani ya kila milisekunde 64, yaani zaidi ya mara 15 kwa sekunde. Aliyebuni namna hii ya kutunza biti moja kwa transista moja na kapasita moja ni Robert Dennard, mhandisi wa kampuni ya IBM nchini Marekani, aliyepewa hataza yake mwaka 1968. Miaka yote hiyo imepita na msingi ni uleule. Kilichobadilika ni udogo na wingi. RAM ya GB 8 ina biti zaidi ya bilioni 68, na kila moja lazima isomwe na kujazwa bila kukosea, mchana kutwa.

Kwa Kiswahili tumezoea kuiita kumbukumbu ya kompyuta. Sina ugomvi na jina hilo, ila aliyesoma Kitabu cha 10 cha Maungamo ya Mtakatifu Augustino, ambamo anaichunguza kumbukumbu ya mwanadamu kwa mapana, ataona mara moja kwamba kitu anachokizungumzia kinafanana zaidi na diski. RAM iko karibu zaidi na kile tunachokishika akilini wakati tunazungumza, ambacho kinatoroka mtu akitukatiza.

Kuiweka mahali pake

Kabla ya kununua chochote, tazama kama tatizo ni RAM kweli. Kwenye Windows, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc, dirisha la Task Manager litafunguka. Nenda “Performance”, kisha “Memory”. Fungua programu zote unazotumia siku ya kawaida, halafu soma asilimia. Ikiwa kompyuta inasuasua huku RAM iliyotumika ni nusu tu, kuongeza nyingine ni kupanua meza ya mtu ambaye shida yake ni kabati lenye mlango mzito. Kompyuta nyingi za ofisini kwetu zina diski za zamani zinazozunguka, na fedha ya RAM ingefanya kazi kubwa zaidi kwenye diski ya SSD. Ikiwa asilimia inapanda hadi 90 na kukaa hapo, hapo nunua.

Nunua inayofanana. RAM za DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Kila kizazi kina mkato wake kwenye ukingo wenye pini, na mkato huo umewekwa mahali tofauti makusudi ili isiyohusika isiingie. Umeme wake pia ni tofauti: DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, DDR4 hutumia 1.2, DDR5 hutumia 1.1. Ya kompyuta ya mezani ni ndefu, sentimita 13 na kidogo. Ya kompyuta mpakato ni karibu nusu ya hiyo. Tena, kompyuta mpakato nyingi nyembamba za siku hizi RAM yake imelehemewa kwenye ubao mama na haiongezeki kabisa. Ulizeni kabla ya kuchangisha.

Kuifunga si kazi ngumu. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, toa betri kama inatoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa RAM, kwa sababu umeme tuli ulio mwilini, hata ule usioweza kuusikia, unatosha kuua chipu. Shika kipande kwa kingo zake, usiguse pini. Kwenye kompyuta ya mezani fungua vibanio, linganisha mkato, kandamiza ncha zote mbili mpaka vibanio vijifunge vyenyewe kwa mlio. Kwenye kompyuta mpakato kipande kinaingia kwa mshazari, kisha kinalazwa chini mpaka vibanio vya pembeni vikishike. Pini zikibaki zinaonekana zaidi upande mmoja kuliko mwingine, hakijaingia sawasawa, na hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Kwa ubao mama wenye sloti nne na RAM mbili, mara nyingi zinapaswa kukaa kwenye sloti ya 2 na ya 4 kuanzia upande wa prosesa. Kitabu cha maelezo cha ubao huo ndicho chenye neno la mwisho.

Ukiiwasha na kioo kikabaki cheusi, au kompyuta ikapiga milio ya kurudiarudia, usishtuke. Milio hiyo ni lugha, ingawa kila mtengenezaji ana ya kwake: hesabu mingapi mirefu na mingapi mifupi, kisha tafuta maana yake kwa jina la kompyuta hiyo. Mara nyingi dawa ni kuitoa, kuondoa vumbi kwenye sloti, kupangusa pini kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye spiriti safi, kuacha ikauke na kurudisha kwa mkazo zaidi. Mafundi wengi hutumia kifutio cha penseli kwenye pini. Kinasaidia, lakini kinaacha makombo, na makombo yakiingia kwenye sloti unakuwa umehamisha uchafu tu.

Kuhesabu kilichoonekana

Kompyuta ikiwaka, swali la kwanza linajibiwa kwa dakika moja. Fungua “Settings”, “System”, “About”. Utaona mstari wa “Installed RAM” wenye idadi iliyofungwa, na mara nyingi pembeni yake idadi nyingine ndogo kidogo, ile ambayo Windows inaweza kuitumia. Ukiona 8.00 na pembeni 7.88, hakuna aliyeibiwa. Kiasi kidogo kimetengwa kwa ajili ya vifaa vyenyewe, hasa picha ya kwenye kioo. Kwa wanaotumia Linux, amri ya free -h inatoa hesabu hiyohiyo.

Ukiona 8.00 na pembeni ni 3 na kitu, hapo kuna jambo. Na mara nyingi jambo lenyewe si RAM. Windows ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 katika matoleo ya kawaida ya nyumbani na ofisini, na Windows 7 Starter ilikuwa na mpaka wa GB 2 tu. Unaweza kuipa GB 16 ikaziona zote na isitumie hata robo yake. Wanafalsafa wenzangu watamkumbuka Aristotle na mfano wake wa mtu mwenye elimu aliyelala: elimu anayo, lakini haitumii. RAM ya namna hiyo haina ugonjwa. Inahitaji mfumo endeshi wa biti 64. Sababu nyingine ni ndogo zaidi: katika programu ya msconfig, chini ya “Boot” na “Advanced options”, kuna kisanduku cha “Maximum memory” ambacho mtu akikiweka alama anaweka kikomo bila kujua. Kiondolewe alama, kompyuta iwashwe upya.

Rudi sasa kwenye ukurasa wa “Memory” ndani ya Task Manager. Pale chini kuna taarifa tatu za kusoma. Ya kwanza ni sloti ngapi zimetumika. Kama ulilipia vipande viwili na inasema kimoja kati ya mbili, ama kimoja hakijakaa vizuri, ama hakifanyi kazi, ama hakimo. Ya pili ni kiasi ambacho vifaa vimejitengea, “Hardware reserved”. Kikiwa kikubwa mno, mara nyingi kipande kimoja hakijashika vizuri. Ya tatu ni kasi. RAM iliyoandikwa 3200 inaweza kuonyesha 2666 au 2400, na si lazima iwe bandia. Prosesa ina mpaka wake, na kwenye kompyuta nyingi za mezani kasi kamili haipatikani mpaka uiruhusu kwenye BIOS. Vilevile ukichanganya kipande chenye kasi na kizito, vyote viwili vitakwenda kwa mwendo wa kile kizito.

Katika msafara wa mamba na kenge wamo. Lebo ya karatasi hubandikwa na mtu, na inaweza kubandikwa na mtu mwingine. Ila kila kipande cha RAM kina chipu ndogo inayobeba maelezo yake: ukubwa, kizazi, kasi, mara nyingi na mtengenezaji. Programu ya bure ya CPU-Z inaisoma chipu hiyo. Fungua ukurasa wenye jina “SPD”, chagua sloti mojamoja, linganisha na risiti. Hili lifanyike fundi akiwa bado amekaa hapo ofisini. Si kumdharau. Fundi mwaminifu hufurahi kazi yake ikionekana, na asiye mwaminifu naye hupata fursa ya kukumbuka kwamba kuna kipande kingine amekisahau mkobani.

Biti moja ikigeuka

Tarehe 18 Mei 2003 nchini Ubelgiji kulikuwa na uchaguzi wa bunge la taifa. Huko Schaerbeek, manispaa mojawapo ya eneo la Brussels, watu walipiga kura kwa mashine zilizotumia kadi za sumaku. Katika kujumlisha, mgombea mmoja alionekana ana kura nyingi kuliko ilivyowezekana kihesabu, na hilo ndilo lililoshtua. Kadi zikahesabiwa upya. Tofauti ikawa kura 4096 kamili, si moja zaidi wala moja pungufu.

Namba hiyo si ya kawaida. Kompyuta inahesabu kwa biti, na kila biti ina thamani maradufu ya iliyo kulia kwake: 1, 2, 4, 8, 16, na kuendelea. Ukihesabu hivyo, biti ya 13 ina thamani ya 4096. Wataalamu walitafuta kosa kwenye programu wasilipate, wakajaribu kulirudia lisirudi. Maelezo waliyobaki nayo ni kwamba biti moja tu kwenye kumbukumbu ya mashine iligeuka yenyewe kutoka sifuri kuwa moja, na chembe kutoka anga za juu ilitajwa kuwa huenda ndiyo iliyoigonga. Chembe hiyo hakuna aliyeiona. Lakini kwamba biti ya RAM inaweza kugeuka bila mlio, bila moshi, bila onyo lolote kwenye kioo, jambo hilo halina ubishi.

Nalo si adimu kama tungependa liwe. Mwaka 2009 Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto, pamoja na Eduardo Pinheiro na Wolf-Dietrich Weber wa Google, walichapisha utafiti uliofanywa kwenye kompyuta za kampuni hiyo. Walikuta kwamba zaidi ya 8% ya vipande vya RAM vilipata walau kosa moja kwa mwaka, na kwamba kipande kilichokwisha kukosea kilikuwa na uwezekano mkubwa wa kukosea tena. Kompyuta zile zilikuwa na RAM ya aina ya ECC, inayobeba biti za ziada za kujikagua na kujisahihisha. Kompyuta ya ofisi ya parokia, kwa kawaida, haina ECC. Ikikosea, imekosea.

Sasa tulete jambo hili mezani kwa katibu. Ndani ya kompyuta herufi ndogo “a” huandikwa 01100001, na “e” huandikwa 01100101. Tofauti ni biti moja, ya tatu kutoka kulia. Igeuke hiyo, na Rosa anakuwa Rose. Anna anakuwa Anne. Tarakimu 1 ni 00110001 na tarakimu 5 ni 00110101: biti ileile ya tatu, na aliyezaliwa 1981 sasa amezaliwa 1985. Jina ni jina halali na mwaka ni mwaka halali, kwa hiyo hakuna programu ya kusahihisha maandishi itakayochora mstari mwekundu chini yake. Na usitegemee kwamba diski itagundua. Diski huhakiki kama kilichoandikwa ndicho ilichopewa. Lakini ilichopewa kilikuwa kimekwisha kuharibika mezani, kwa hiyo itatunza uongo huo kwa uaminifu mkubwa.

Niseme wazi kwamba RAM mbovu kwa kawaida haina adabu ya kubadili herufi moja ikanyamaza. Nyingi hupiga kelele. Kioo kinageuka bluu na kompyuta inajizima. Programu zinafunga bila sababu. Faili lililofunguka jana linasema limeharibika leo. Kusakinisha Windows kunakwama kila mara mahali tofauti. Frateri anayeandika tasnifu akiona mambo hayo mawili matatu kwa pamoja, asikimbilie kulaumu virusi. Lakini kati ya kelele moja na nyingine yapo makosa yaliyopita kimya, na hayo ndiyo yaliyoingia kwenye orodha.

Namna ya kuijaribu

Jaribio la RAM ni jepesi kueleweka: andika kitu kinachojulikana, kisome, ona kama ndicho. Programu inajaza RAM yote kwa sifuri, inasoma. Inaijaza kwa moja, inasoma. Kisha inaandika kwa michoro inayopishana, kwa sababu kapasita dhaifu inaweza kushika chaji vizuri ikiwa peke yake na kuyumba jirani yake anapobadilika.

Windows ina jaribio lake la ndani. Kwenye sehemu ya kutafutia andika mdsched, chagua kuwasha upya, na kompyuta itaanza kujipima kabla Windows haijafunguka. Ukibonyeza F1 wakati huo unaweza kuchagua kipimo kirefu, “Extended”. Ikimaliza inawaka kawaida na matokeo yanajitokeza baada ya kuingia. Yasipojitokeza, yako kwenye Event Viewer, chini ya “Windows Logs” na “System”, kwa jina la MemoryDiagnostics-Results. Ni jaribio zuri la kuanzia. Likisema kuna kosa, liamini. Likisema hakuna, liamini kwa tahadhari.

Kali zaidi ni Memtest86+, programu ya bure inayowekwa kwenye flashi na kuwashiwa hapo bila Windows kabisa. Mzizi wake ni programu iliyoandikwa na Chris Brady mwaka 1994, na tangu hapo imerithiwa na kuboreshwa na wengine. Iache usiku kucha, ipite walau mizunguko minne. Umeme ukikatika katikati hakuna kinachoharibika. Utaanza upya tu. Asubuhi tazama idadi ya makosa. Inayokubalika ni sifuri. Mtu akikuambia makosa mawili au matatu si mengi, mwulize angependa makosa hayo matatu yakae kwenye jina la nani.

Makosa yakionekana, bado hujajua mkosaji ni nani. Inaweza kuwa kipande cha RAM, inaweza kuwa sloti, inaweza kuwa joto la feni iliyojaa vumbi. Hapa masomo ya mantiki yanalipa ada yake. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alieleza njia ya tofauti: hali mbili zikifanana katika kila kitu isipokuwa kimoja, na tokeo likatofautiana, sababu itafutwe kwenye hicho kimoja. Basi acha kipande kimoja kwenye sloti moja, jaribu. Kikikosea, kihamishe sloti bila kubadili kingine chochote, jaribu tena. Kosa likimfuata, mgonjwa ni yeye. Likibaki kwenye sloti hata ukiweka kipande kizima, mgonjwa ni ubao. Fundi anayebadilisha RAM, diski na Windows kwa siku moja anaweza kuiponya kompyuta, lakini hatajua alichokiponya, nanyi mtakuwa mmelipia vitu vitatu.

Kuna jambo moja la hatari ambalo watu wema hulifanya kwa nia njema. RAM ikigundulika ni mbovu, wanakimbilia kunakili mafaili yote kwenye flashi kwa kompyuta hiyohiyo. Kila faili linalonakiliwa linapita kwenye RAM. Nakala inaweza kutoka ikiwa imeharibika kuliko faili lenyewe, na ukiifuta ya zamani umepoteza yote mawili. Njia salama ni kuizima, kutoa kipande kibovu au kuichomoa diski, na kunakili kwa kutumia kompyuta nzima. Na picha ya kioo cha jaribio, yenye mistari ya makosa, ipigwe kwa simu kabla ya kuzima. Mwenye duka aliyekupa dhamana ataitaka.

Baki sasa na orodha zilizochapwa wakati RAM ilikuwa inaumwa. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inadai kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na inamtaka paroko ahakikishe vinaandikwa kwa usahihi na kutunzwa kwa uangalifu. Kitabu cha karatasi, chenye mwandiko na saini, hakina kapasita. Kiletwe mezani. Mtu mmoja asome kwa sauti kutoka kitabuni, mwingine afuatilie kwenye kioo, wakianza miezi michache kabla ya siku kompyuta ilipoanza kujizima. Wapunguze mwendo kwenye mwaka wa kuzaliwa, na kwenye irabu ya mwisho ya kila jina. Ikiwa vyeti vimekwisha kutolewa kutoka orodha hiyo katika kipindi hicho, viangaliwe navyo, kwa sababu kimojawapo huenda kiko tayari kwenye faili la ndoa la parokia nyingine.